Joto la Mashine

Wiki jana kompyuta yangu ya kazini ilianza kunguruma. Nilikuwa nimekaa na wenzangu tunasubiri chai ya saa nne, na kabla sijajua ninafanya nini nilijikuta nje kwenye korido, mkoba begani, mkono wa kushoto umeshuka na vidole vimefumba kama vilivyoshika mkono wa mtoto. Mtoto hakuwepo. Mwenzangu mmoja alinichungulia mlangoni, akaniuliza kama nimepigiwa simu ya msiba. Nikamwambia nimetoka kupunga upepo tu. Akacheka, akasema feni ya ile kompyuta imekufa, iitiwe fundi.

Niliporudi, harufu ilikuwa imeshatanda mezani: vumbi lililopata moto, na ndani yake kitu kama nywele zilizoungua. Wenzangu waliziba pua. Mimi nilikaa nikaivuta mpaka ikaisha, maana harufu hiyo ndiyo sebule ya nyumbani kwetu, na sikuwa nimeingia sebuleni humo tangu utotoni.

Nyinyi wa rika langu mliokulia mtaa wa Chaani hamhitaji kuelezwa vumbi. Ploti yetu ilikuwa ya vyumba vilivyopangwa mstari mmoja, mlango kwa mlango, tangi la maji nyuma, na mbele barabara ya malori yanayotoka bandarini. Vumbi lake liliingia bila hodi na kukaa popote lilipotaka. Baba alikuwa mtu wa bara, karani wa kampuni moja ya klirinsi, ya kutoa mizigo bandarini, na kazi yake ilikuwa kuingiza stakabadhi za mizigo kwenye mtandao wa forodha. Mama alikuwa Mgiriama wa Kaloleni. Alikuwa na cherehani ya mkono aliyoachiwa na mama yake, na friji ndogo aliyogandishia barafu za ukwaju, zile za kufungwa kwenye nailoni, akiwauzia watoto wa shule. Watoto tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Baraka, ambaye alikuwa bado hajaacha kunyonya kidole.

Na Mama alifuma vitambaa. Ukitaka kumjua mama wa kanisani wa ploti zetu wakati ule, ungetazama vitambaa vyake. Kwetu viti vilivaa, redio ilivaa, friji ilivaa, na hata chupa ya chai ilikuwa na gauni lake. Kitu kisichovalishwa kilikuwa uchi, na nyumba yenye vitu uchi ilikuwa nyumba ya mwanamke mvivu. Kwa hiyo Baba alipoleta kompyuta ya kukunja, nyeusi, nzito, ya mtumba, ambayo yeye aliiita laptopu na sisi wengine tukaiita mashine, Mama alikaa chini akaifumia kitambaa cha kulalia: cheupe, kinene, cha sufu, chenye pindo la buluu. Baba alifurahi mno. Wageni walipokuja aliwaonyesha, "Mmeona? Kwangu hata laptopu iko na godoro."

Kitu kingine kilichomfurahisha ni abee. Alisema kwao bara mwanamke ukimwita anakuuliza unataka nini, lakini huyu wa Pwani, mwite hata kutoka shimoni, atakuitikia kwa heshima. Alimwita wakati mwingine bila haja yoyote ili watu wasikie. "Mama Riziki." "Abee." Riziki ndiye mimi. Kisha angewatazama wageni kama mtu aliyebonyeza swichi na taa ikawaka.

Mwanzoni mashine ilikuwa kimya kabisa. Sikumbuki ilianza lini kuvuma, ila nakumbuka hatua zake, maana nilizijua vizuri kuliko nilivyojua masomo. Kwanza ilivuma kama nyuki aliye mbali. Kisha ikakwaruza, kama kijiko kinachokwangua ukoko. Kisha ikalia sauti nyembamba, na kioo kikawa cheusi chenyewe, na kazi yote ambayo Baba alikuwa hajaihifadhi ikapotea. Hapo ndipo Baba alipoinuka.

Mara ya kwanza alipoinuka, Mama alikuwa anapita na sufuria ya wali. Alimchapa kwa waya wa chaja, ule wenye donge zito katikati, na donge likampata sikioni. Wali ulimwagika kwenye kochi. Nakumbuka Mama akiokota punje za wali kwenye matundu ya kitambaa cha kochi huku damu inamtiririka shingoni, kana kwamba jambo la muhimu lilikuwa ule wali. Baba aliingia chumba cha ndani. Baada ya kitambo akaita, "Mama Riziki," na Mama akaitika, "Abee." Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba yameisha. Tangu siku hiyo, kila alipompiga, mimi nilingoja neno hilo kama watu wanavyongoja kengele ya kutoka shule.

Mimi kofi langu la kwanza nililipata kwa sababu nilikohoa wakati mashine inalia. Lilikuwa kofi la moto. Sisemi kwa kupamba. Kiganja cha Baba kilikuwa kimelala juu ya mashine jioni nzima, na kilipotua shavuni mwangu nilisikia joto kabla ya maumivu. Basi nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Niliona kwamba joto linaanzia ndani ya mashine, linapanda vidoleni mwa Baba, linapita mabegani na kuingia kichwani, na kichwa kikijaa, lazima joto limwagikie mahali. Mahali penyewe ni sisi. Baba wa watu alikuwa bomba tu.

Msinicheke. Kila mtu mzima aliniambia hivyo hivyo. Baba mwenyewe alisema akishatulia, "Si mimi, ni hii kitu. Hii laptopu itaniua." Mzee wa kanisa alikuja, akanywa chai, akamwambia Mama kwamba ndugu ana mzigo mkubwa wa kazi, amvumilie na ampunguzie moto. Na jirani yetu Bi Mwanaisha, mtu wa Mvita wa asili aliyehamia Chaani uzeeni, ambaye aliuza mahamri na mbaazi kibarazani na kujua habari za kila mlango, alinipaka mafuta ya nazi kwenye shavu akasema, "Mwanangu, babako si mbaya, wallahi. Ni ile mashine yampandisha joto." Sasa wewe ni mtoto, watu wote wazima wameshikilia neno moja, utaamini nini kingine?

Kwa hiyo nikajifunza kusikiliza. Mashine ilipoanza tu kukwaruza, nilimshika Baraka kwa mkono wangu wa kushoto, tukatoka kama watoto wanaokwenda kukojoa, tukajibanza nyuma ya tangi la maji. Tangi lilikuwa baridi na tuliliegemea kwa mashavu. Kutoka huko tulisikia kiti kikianguka, kisha vishindo, na Mama akisema, "Basi, Baba Riziki. Basi, baba." Hakupiga kelele hata siku moja. Mimi nilimziba Baraka masikio, naye alidhani ni mchezo na aliziba yangu. Tulikaa hivyo, kila mmoja ameshika kichwa cha mwenzake, mpaka isikike abee.

Nyumba nzima ikawa inauguza mashine. Feni yetu ya pekee, ile ya kusimama, iligeuzwa kuielekea, na sisi katika joto la Machi tukalala tumelowa jasho ili yenyewe ipate upepo. Mama, kwa huruma yake, aliongeza leso yake ya kujifunga, imekunjwa, chini ya kitambaa ili ilalie pema zaidi. Ilizidi kuungua. Siku moja Baba alifungua friji, akatoa barafu za ukwaju za kuuzwa, akaipangia mashine barafu pande zote kama anayetaka kusafirisha samaki. Ilivuma vizuri kwa muda. Kisha barafu moja ikavuja, maji ya ukwaju yakatambaa kwenye kitambaa, na Baba akaona rangi ya kahawia inakaribia vitufe.

"Nani alifunga hii?" aliuliza. "Hii fundo ni fundo gani?"

Barafu zilifungwa na Mama, zote. Baba alimshika nywele akamlaza uso kwenye meza, palepale penye maji, akawa anamwonyesha fundo kwa karibu, anamgonga na kumwonyesha, anamgonga na kumwonyesha. Barafu nyingine alizitupa ukutani na zikapasuka. Kwa siku nyingi baadaye ukuta ule ulikuwa na madoa, sisimizi wakaja, na Baraka aliuramba nisipomwangalia.

Halafu kukawa na ile Jumamosi ya Magongo. Baba aliniambia twende naye mtaa huo wa jirani kwa fundi, nikadhani mambo yamekwisha, maana nilimwamini fundi kama ninavyomwamini daktari. Alikuwa kijana mwenye kibanda cha mabati na meza iliyojaa simu zilizofunguliwa. Aliiwasha mashine, akaisikiliza, akasema, "Bosi, hii ni feni. Niachie, niifungue nikuoshee."

"Nikuachie utoe kitu mzuri uniwekee mbovu?" Baba akamjibu. "Fungua hapa hapa nikiona."

Yule kijana akamwambia kuna watu mbele yake na hapo pana vumbi, hawezi kufungulia barabarani. Baba alimshika kola. Kijana akamsukuma, Baba akainua kigoda, na kilichofuata ni simu za watu kumwagika chini na wanaume wa jirani kuja kuwaachanisha. Mmoja alimzaba Baba ngumi ya mdomo. Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, shati limechanika mgongoni, mashine kwapani, na mimi nyuma yake nikiomba njia yote kwamba Mama asiwepo. Watu walimtazama, naye aliona wanavyomtazama.

Mama alikuwepo. Alikuwa mlangoni, mkono kwenye fremu, anauliza, "Kumekuwaje?" na Baba alibamiza mlango ule ule kwa nguvu zake zote. Mlio wa kidole sitausahau. Ulikuwa mdogo, kama wa bisi. Kilikuwa kidole kidogo cha mkono wa kulia, na hakikunyooka tena hadi leo. Siku ile mashine ilikuwa imezimwa tangu Magongo. Nililiona hilo, kwa kweli nililiona, na likanisumbua mpaka nikapata jibu: aliibeba kwapani juani njia nzima, lazima iwe ilimpitishia joto kwa mbavu. Mtoto akitaka sababu haikosi.

Nadhani Mama naye alikuwa anatafuta sababu kama mimi, kwa sababu asubuhi moja, kidole bado kimefungwa kitambaa, Baba akiwa amekwenda kazini, alifunga dirisha nusu, akaweka mashine mezani kifudifudi na kutoa bisibisi ndogo kwenye droo ya cherehani. Nje alimwomba Bi Mwanaisha amwekee macho barabarani. Mimi nilipewa kisahani.

"Skrubu zote humu," alisema. "Riziki, ikipotea hata moja, umeniua."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesema usimwage maziwa, na nilijua si maneno ya kunitisha. Nilikishika kisahani kile kwa mikono miwili. Zile skrubu zilikuwa ndogo kama punje za mtama, na nyingine ziligoma, akazilegeza kwa tone la mafuta ya cherehani. Kifuniko kilipotoka, harufu ilitoka nacho, ile ile niliyoisikia wiki jana. Ndani hamkuwa na moto wala kitu kilicho hai kama nilivyokuwa nikitegemea. Kulikuwa na vumbi. Vumbi la malori yote ya Chaani lilikuwa limeingia kwa matundu ya chini, likajilaza, likashikana na manyoya ya sufu mpaka likawa kipande cha blanketi la kijivu. Feni yenyewe ilikuwa ndogo, ingetosha kwenye kiganja cha Baraka. Mama aliisukuma kwa ncha ya sindano. Iligeuka kidogo ikakwama.

Kwenye shina lake kulikuwa na uzi uliojizungusha, mzunguko juu ya mzunguko, umekaza. Mama aliukata kwa wembe, akauvuta polepole kwa sindano, ukatoka mrefu. Akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa wa buluu.

Aliutazama. Akakitazama kitambaa, pindo lake limefumuka upande mmoja na hakuna aliyekuwa ameona. Akautazama uzi tena.

"Ni mimi," alisema.

Mimi sikumwelewa. Nilimwonyesha kisahani kwamba skrubu zote zipo.

"Ni mimi, Riziki. Godoro langu ndilo lililoiziba pumzi. Nimeifumia mwenyewe, kwa mikono yangu." Na akalia. Mama yangu ambaye hakulia kwa waya wala kwa mlango alilia kwa uzi, machozi yakimdondoka ndani ya mashine, ikabidi ayafute kwa pindo la leso yasiiharibu. Alikuwa analia na wakati huo huo anahesabu: mara hii ilikuwa mimi, na mara ile, na sikio, na wewe shavu lako, yote mimi. Leo nikimkumbuka hivyo nataka kuvunja kitu. Siku ile nilifurahi. Nilifurahi kweli kweli, kwa sababu ugonjwa umeonekana na dawa yake ipo.

Alilitoa blanketi la vumbi lote. Alipangusa kwa mswaki wa zamani na unyoya wa kuku, akatia tone moja la mafuta kwenye shina la feni, akapuliza. Feni ilizunguka kwa pumzi yake, bila mlio. Tulitazamana. Ndipo tuliposikia sauti ya Bi Mwanaisha nje, kubwa kuliko kawaida yake.

"Marahaba, mwanangu Baba Riziki. Mbona mapema? Karibu, karibu hapa."

Baba alikuwa amesahau karatasi zake za kazi. Mama alishika kifuniko, na kile kidole kilichofungwa kikawa kinamzuia. Nje Bi Mwanaisha alikuwa amemkamata Baba kwa salamu. Mnajua salamu za Pwani hazikatwi, na Baba alijivunia kuliko watu wote wa bara kwamba amezijua.

"Habari za tangu asubuhi?"

"Nzuri, Bibi."

"Na kazini hawajambo?"

"Hawajambo."

"Alhamdulillahi. Na huko bara? Yule mamako wa maradhi ya miguu, aendeleaje?"

"Ako sawa, Bibi. Sasa wacha nichukue…"

"Alhamdulillahi. Na nduguyo aliyeoa, wameshajaaliwa? Na mvua huko kwenu, imenyesha mwaka huu?"

Alimpitisha kwa jamaa zake wote, walio hai na waliokufa, akaingia kwenye mahindi na ng'ombe, na Baba, sigara havuti na pombe hanywi, mtu wa heshima zake mbele za watu, alisimama juani akimjibu moja moja. Ndani Mama alikaza skrubu moja, nyingine, nyingine. Mlango ulipofunguliwa mashine ilikuwa imelala mahali pake, lakini kisahani changu kilikuwa na skrubu moja bado. Mama aliichukua akaitia mdomoni.

Baba alichukua karatasi zake. Akageuka mlangoni. "Mama Riziki."

"Abee," aliitika, skrubu chini ya ulimi.

"Huyu mama wa nje anaongea sana." Akaenda.

Jioni ile mashine haikuvuma. Mama alikuwa ameiweka juu ya vibao viwili, bila kitambaa, na Baba alipouliza akamwambia amekifua hakijakauka. Alifanya kazi mpaka alipochoka mwenyewe. "Imepona," alituambia, akapigapiga mgongo wake. "Niliwaambia ni hewa tu." Siku zilizofuata zilikuwa siku nzuri kuliko zote ninazozikumbuka za nyumba ile. Feni ya kusimama ilirudishwa kwetu. Baba alituletea sambusa. Mama aliimba nyimbo za kwaya akisuuza vyombo, na mimi nikaanza kukaa sebuleni Baba akiwa kazini mezani, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda mrefu, na hata kumpa mgongo.

Na nilikuwa nimempa mgongo Jumamosi ile alasiri. Nilikuwa nimelala kifudifudi sakafuni nachora, Baraka anasukuma kizibo cha soda karibu yangu. Baba alikuwa mezani, kazi inakwenda. Mama alikuja na chupa ya chai akamjazia kikombe. Sikusikia lolote kwa sababu hapakuwa na la kusikia, hakuna mvumo, hakuna mkwaruzo, hakuna neno. Kisha chupa ya chai ikapasuka.

Baba aliipasulia kichwani mwa Mama. Vioo vya ndani vilimwagika na chai ya moto, Mama akaanguka magotini, na Baraka, ambaye hajui kukimbia kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikimkimbiza kila mara, akaenda kumkumbatia mguu. Baba aliupiga teke mguu huo na mtoto juu yake. Baraka aliruka akagonga friji kwa mdomo. Baba akachomoa waya wa chaja kwenye mashine, na mashine iliendelea kuwaka kimya juu ya vibao vyake, kioo kinang'aa, huku waya unapanda na kushuka. Nilimuuliza Mama miaka mingi baadaye sababu ilikuwa nini. Alisema hajui, labda kikombe kilimgusa mkono.

Mimi sikukimbia wala sikulia. Nilikuwa natazama mashine. Nilikuwa naingojea ikwaruze, hata kama imechelewa, ili mambo yale yawe na mahali yalipotoka.

Baba alichoka. Aliutupa waya akaingia chumba cha ndani, kitanda kikalia alipokilalia. Mama alijiinua kwa kushika ukuta. Nilidhani ataenda kwa Baraka, au atachukua fagio la vioo. Alikwenda mezani. Aliweka kiganja juu ya mashine, kiganja chenye kile kidole kilichopinda, kama unavyompima mtoto homa. Akakigeuza, akapima kwa nyuma ya mkono. Akapitisha vidole chini, kwenye matundu, na akavikawiza hapo.

"Baridi," alisema.

Hakuwa akiniambia mimi. Alisimama damu inamdondoka kidevuni, mkono bado uko pale, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyebeba gunia siku nyingi, kisha akaambiwa gunia lile si lake. Sijawahi kumwona ana hasira kabla ya hapo. Nilimwogopa kidogo, na nikampenda mno.

"Mvalishe Baraka viatu," alisema.

Hakuchukua kitambaa hata kimoja. Alichukua leso, akambeba Baraka aliyekuwa akitema damu begani mwake, na tukatoka kwenda kwa dada yake Kisauni, ambako nimekulia na ambako anakaa hadi leo. Bi Mwanaisha alikuwa ameshasimama kibarazani, mwiko wa mbaazi mkononi.

"Mashine tena, mwanangu?"

"Mashine ni nzima, Bi Mwanaisha," Mama alimjibu. "Ipo mezani. Nenda kaiguse."

Bi Mwanaisha aliweka mwiko chini, akavua mtandio wake wa begani, akamfunika Mama kichwa penye damu na kumtengenezea vizuri kama bibi harusi. Kisha akasogea kutupisha.

Tulikuwa tumefika kwenye kokoto za ploti Baba alipoita. Hakuita kwa hasira. Aliita kama alivyoita siku zote yakiisha, kutoka kitandani, kwa sauti ya mtu anayetaka maji.

"Mama Riziki."

Niliinua macho nikautazama mdomo wa Mama. Ulikuwa umevimba upande mmoja. Nilingoja. Alimhamishia Baraka bega la pili, akanishika mkono, tukapanda kuelekea barabarani penye malori.

"Mama Riziki," jina liliitwa tena nyuma yetu, na hakuna aliyeitika.